Mjomba Hapatikani kwa Sasa

Jumatatu, Juni 6

Nimeaibishwa mchana kweupe. Mbele ya magunia ya viazi, mbele ya wachuuzi, mbele ya yule mama wa maandazi ambaye neno likiingia sikioni mwake asubuhi, mchana limeshafika Lilongwe.

Habari yenyewe ni hii. Wiki iliyopita mpwa wangu Tiyanjane, aliyeolewa Balaka, aligombana na mumewe. Chikumbutso aliiuza cherehani ya mkewe bila kumuuliza, akanunua pikipiki isiyotembea. Mambo yakifika hapo, mke wa kwetu hapigi kelele kwa majirani. Anampigia nkhoswe wake: mjomba aliyesimama siku ya uchumba akapokezana kuku na upande wa pili, ambaye ndoa hiyo imewekwa mikononi mwake. Nkhoswe huyo ni mimi, Jailosi Mbewe. Mwenye suti.

Akapiga. Sikupatikana. Akapiga tena na tena, na yule dada wa kwenye mashine akamwambia mteja hapatikani kwa sasa. Mwisho akampigia Fanuel, mtoto wa mama yangu mdogo. Fanuel akapokea simu haijaita hata vizuri. Akapanda gari, akashuka Balaka, akakaa kikao, cherehani ikarudi, akachinjiwa kuku. Leo sokoni alikuwa anasimulia hadi paja la huyo kuku lilivyokuwa.

Dada yangu Felanji, mama yake Tiyanjane, amesema watu wote wakisikia kwamba Jumapili ya tarehe 19 ukoo utakaa, uangalie kama nkhoswe abadilishwe. Amesema nkhoswe asiyepatikana ni mlango uliochorwa ukutani.

Nimetafakari jioni nzima. Si mimi. Ni mtandao. Nimekuwa na Mphezi tangu waliposimamisha mnara wao, na haya ndiyo malipo. Simu yenyewe haina kasoro. Nani anatunza simu kama mimi? Iko ndani ya sanduku la bati, imeviringishwa kitambaa, juu ya suti, na kufuli juu yake. Vumbi haliioni, manyunyu hayaioni, mwizi haioni. Asubuhi naitoa, naitazama, naifuta, nairudisha. Sasa kama mtu hanipati, kosa ni la nani?

Kesho naanza utafiti wa mitandao. Nikimaliza, nahama.

Jumanne, Juni 7

Baridi na manyunyu. Nimekwenda senta, kwenye maduka, na penseli.

Nimegundua kwamba watu hawachagui mtandao, wanazaliwa nao, kama kanisa. Fundi baiskeli ni wa Mphezi kwa sababu marehemu baba yake alikuwa wa Mphezi. Mama wa maandazi ni wa Lipenga, na anaamini watu wa Mphezi hawalipi madeni. Kila mmoja nikimuuliza mtandao wake ukoje, ananiambia wa mwenzake ulivyo mbaya.

Nikaenda kwa mawakala wenyewe. Wakala wa Lipenga ni Bi Dyelesi, mwavuli wa zambarau. Akanionyesha ramani: nchi nzima imepakwa zambarau, hata ziwa, hata huko majini kwenye samaki. Nikamwomba anionyeshe kijiji chetu. Akaweka kidole gumba, na kidole kikafunika wilaya. Akasema, "Upo hapo chini, mzee wangu, usiwe na wasiwasi."

Wakala wa Mphezi ni Sinosi, mwavuli wa machungwa, hatua chache kutoka hapo. Ramani yake imejaa rangi ya machungwa, na ziwa pia ni lake. Nikamwambia jirani yako anadai ziwa ni la kwao. Akacheka, akasema, "Muulize vizuri, maana ndiye mke wangu." Nikashika mdomo. Adhuhuri ilipofika waliketi kwenye benchi moja wakila nsima, ugali wa kwetu, kwenye sahani moja. Nikaona Bi Dyelesi akiazima simu ya mumewe kumpigia mama yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ya kwake haina salio.

Utafiti wa maneno hautoshi. Hawa watu wana masilahi. Lazima nipime mwenyewe kwa mikono yangu.

Jumatano, Juni 8

Nimepima.

Niliazima simu ya Lipenga ya NaBanda, mke wangu. Yangu ya Mphezi mkono wa kulia, yake mkono wa kushoto, mikono nimeinyosha mbele. Nikaanza kuzunguka kijiji hivyo. Kanisani: zote zinashika. Kisimani: zote. Kwa Felanji: zote, na Felanji akaniuliza kama ninatafuta maji chini ya ardhi. Chooni: zote, vistari vyote vimejaa. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliacha ndoo zao wakaondoka. Baadaye nikasikia wamesema napimia watu makaburi.

Sehemu moja tu zilikufa zote mbili: bondeni, kwenye bustani yangu ya viazi, chini ya migomba. Kule hata redio haisikiki.

Halafu nikafanya kosa la kuvuka barabara. Watu wa hapa tunajua, upande huu wa lami ni Malawi, upande wa pili ni Msumbiji, na tunavuka kwenda kununua sabuni bila kufikiri. Simu inafikiri. Ile ya NaBanda ikanikaribisha kwa Kireno. Nikasimama nikijitahidi kusoma, na salio lake lote likaliwa nikiwa nimesimama mbele ya duka la sabuni. NaBanda amesema ni mara ya kwanza mume wake kwenda nje ya nchi, na gharama amelipa yeye.

Matokeo ya utafiti yananisumbua. Mphezi ilishika vizuri kila mahali nilipokwenda nayo. Kila mahali! Nimekaa na jambo hili mpaka uji ukapoa. Jibu ni moja: huu mtandao unajua unapopimwa. Ukitazamwa unakaa wima, ukigeuka unalala.

Nilipokuwa nairudisha simu sandukuni, NaBanda akaniuliza kama nimepima na mle ndani. Nikamwambia sandukuni hakai mtu. Akasema, "Haya baba," kwa ile sauti yake.

Ijumaa, Juni 10

Nimewapigia Mphezi, huduma kwa wateja. Niliwapa nafasi ya mwisho kujitetea, maana uhusiano wa miaka mingi hauvunjwi bila kikao.

Muziki. Bonyeza moja. Muziki. Bonyeza tano. Muziki uleule, ila sasa nilianza kuupenda. Kisha akaja msichana, sauti laini. Nikamweleza yote: mpwa, cherehani, Fanuel, paja la kuku. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikiri kwamba hakuna mtu aliyenisikiliza hivyo tangu Jumatatu. Akasema anasikitika sana. Akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Kisha akauliza simu hiyo huwa naiweka wapi.

Nikamwambia hilo ni jambo la ndani ya nyumba yangu.

Akasema anauliza tu, kwa sababu kwao inaonekana simu hupotea hewani sehemu kubwa ya siku, hurudi asubuhi kidogo, kisha hupotea tena. Unaona? Wamekiri wenyewe! Wanajua kwamba nawapotea na hawajanitafuta. Nikakata simu kwa heshima.

Baadaye nikajilaumu kwa kutomuuliza jina.

Jumamosi, Juni 11

Nimehama. Mimi ni mtu wa Lipenga.

Bi Dyelesi alichukua kitambulisho changu, akanipiga picha nikiwa nimevaa suti. Suti nilivaa kwa ajili hiyo. Sinosi alitazama kutoka chini ya mwavuli wake bila kinyongo, akasema potelea mbali, fedha inaingia nyumba ileile.

Laini mpya, namba mpya. Nikakaa kwenye gogo nikawaandikia jamaa wote ujumbe mmoja, wenye uzito: "Ni mimi mjomba wenu Jailosi. Nimebadili namba. Ile ya zamani msiipige tena. Mambo yote muhimu yaletwe hapa."

Nilitegemea pongezi. Jibu la kwanza lilitoka kwa binamu wa Ntcheu: "Mwizi mkubwa wewe. Tumekuzoea." La pili liliniombea nife jela. La tatu lilikuwa la Fanuel, kalituma kwa ukoo mzima: kuna tapeli anajifanya kaka Jailosi, msimjibu, msimtumie hata sarafu ya tambala, maana kaka mwenyewe simu yake inajulikana haipatikani.

Yaani kutopatikana ndiko kumekuwa kitambulisho changu. Nikipatikana, basi si mimi.

Niliumia. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba Tiyanjane alikuwa kimya. Nikamwandikia peke yake: ni mimi, mama. Baada ya muda akajibu kwa mtego: kama wewe ni mjomba, siku ya uchumba wangu kuku alipotoroka, nani alimkamata?

Swali jepesi. Nakumbuka kama jana. Tulikuwa tumekwishapanga mistari, upande wao na jogoo, upande wetu na kuku jike, mimi nimemshika. Nilitaka kuwapungia watu mkono kidogo. Kuku akaona nafasi, akaruka, akavuka barabara, akahama nchi. Nikamwandikia ukweli mtupu: nilimkamata mimi mwenyewe, ndani kabisa ya Msumbiji, nikiwa na suti, na sikuchafuka.

Akajibu papo hapo: "Ni mjomba kweli. Kuku alikamatwa na mjomba Fanuel na kila mtu alimwona. Duniani kuna mtu mmoja tu anayesimulia hivyo."

Sielewi ana maana gani kuhusu Fanuel. Ila nimetambuliwa. Nilisoma ule ujumbe mara nyingi kabla ya kuirudisha simu sandukuni.

Jumatatu, Juni 13

Felanji ametangaza mtihani. Kabla ya kikao, siku yoyote wiki hii, saa asiyoijua mtu, atapiga simu kwetu sote wawili, mimi na Fanuel. Asiyepokea asije Jumapili na maneno mengi.

Kwa hiyo simu imetoka sandukuni. Hali ya hatari. Naishika mkononi. Nimekula kwa mkono mmoja, nimefunga kamba za viatu kwa mkono mmoja, nimemsalimia mchungaji kwa mkono wa kushoto. NaBanda amesema hajawahi kuniona nikishika kitu kwa mapenzi namna hii.

Fanuel yeye hana shida. Simu yake anaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, inaning'inia kifuani kama kengele ya mbuzi. Chafu, kioo kimepasuka, ina alama za mafuta ya kukaangia. Hana haya. Nilimuuliza nkhoswe gani anatembea hivyo mbele ya watu. Akasema, "Kaka, si inaita?"

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo. Nimeona halina heshima.

Nimefikiri pia juu ya babu. Wakati wake mpwa akiwa na shida alitembea kwa miguu mpaka kwa nkhoswe, na nkhoswe alikuwepo, ameketi mlangoni. Alikwenda wapi tena? Siku hizi shida inafika kabla ya machozi kukauka, na mtu hayupo. Labda ule mwendo ulikuwa na kazi yake. Ulimpa mtu muda wa kupanga maneno, na mjomba muda wa kuwa nyumbani.

Lakini siwezi kumwambia Felanji hivyo. Nina mpango mwingine.

Alhamisi, Juni 16

Mpango ulikuwa mzuri. Naandika hivyo ili ijulikane.

Bondeni, kwenye bustani yangu, hakuna mtandao wowote. Nilithibitisha mwenyewe. Basi nikamwalika Fanuel aje anisaidie kuchimba mfereji wa maji huko chini, kutwa nzima, kwa ahadi ya kuku. Fanuel hajawahi kukataa kuku. Akiwa bondeni hapatikani. Felanji akipiga, yule dada wa kwenye mashine atamalizana naye.

NaBanda aliniuliza na mimi nitakuwa wapi. Nikamwambia hukohuko, si lazima nimsimamie? Ukimwacha peke yake atalala chini ya mgomba. NaBanda akaendelea kupepeta mahindi.

Tulichimba. Fanuel anachimba vizuri, sharti niseme. Katikati ya kazi akaegemea jembe, akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema kule Balaka aliona aibu. Tiyanjane alikuwa analia, na yeye hakujua la kumwambia. Akatazama viatu vyake. Akamgeukia mume, akamtaka arudishe cherehani, ikarudi, akala haraka, akaondoka, maana alikuwa anaogopa yule binti asije akaanza kulia tena. "Wewe kaka ungejua la kusema," akaniambia. "Mimi najua kupokea simu tu."

Nikamwambia achimbe upande wa kushoto, uko juu kidogo.

Tulipopanda kutoka bondeni tulimkuta Felanji kasimama njiani, mikono kiunoni. Alikuwa amempigia Fanuel mchana: hapatikani. Akanipigia mimi: hapatikani. Akapiga tena wote: hapatikani, hapatikani. Alituuliza huu ni ukoo au ni kisima. Fanuel alinitazama. Nadhani alianza kuelewa kuhusu mwaliko. Kuku alimla mzima peke yake na sikuthubutu kunyoosha mkono.

Jumapili, Juni 19

Ukoo umekaa kwa Felanji, uani, juu ya mikeka. Tiyanjane amekuja kutoka Balaka na mfuko begani. Amekonda kidogo. Nilikuwa na suti na hotuba ndefu kuhusu minara na milima, pamoja na ramani niliyochora mwenyewe.

Sikuisoma. Felanji alisema wajomba wote wawili wameanguka mtihani, basi mwenye ndoa aseme mwenyewe. Na Tiyanjane akasema, macho chini, kwa adabu, lakini hakutetemeka.

Alimshukuru mjomba Fanuel. Akasema bila yeye cherehani ingekuwa mikononi mwa watu. "Lakini siku ile nilikuwa sitafuti cherehani," akasema. "Nilitafuta mtu wa kukaa na mimi. Baba alipofariki nilikuwa mdogo. Mjomba Jailosi alikaa na mimi nyuma ya jiko, akanisimulia uongo wake wote, jinsi alivyompiga fisi kibao, jinsi alivyokataa kazi ya ikulu. Mpaka nikacheka, na ilikuwa haramu kucheka siku ile. Ndiye niliyekuwa nampigia. Nilipiga mpaka nikachoka. Nikajiambia labda amefariki na mimi sijaambiwa."

Nilitaka kusahihisha kuhusu fisi, maana lile lilikuwa la kweli, lakini machozi yalinitangulia. Nililia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia na suti.

Akasema anataka nibaki nkhoswe wake. Sharti moja tu. Anajua kuhusu sanduku, shangazi NaBanda amemwambia. Simu ikae mwilini. Akafungua mfuko akatoa kifuko kidogo cha kitenge, chenye kamba ya kuvaa shingoni, kifungo cha shaba, na mshono maridadi ajabu. Amekishona kwa cherehani ileile. Akanivisha mwenyewe mbele ya wote, akaitia simu ndani, akapiga namba yangu. Ikaita kifuani kwangu. Watu wakapiga makofi, na Fanuel alipiga zaidi ya wote.

Niliahidi. Nilisema mpwa wangu hatapiga tena akanikosa, labda nimezikwa.

Sijawahi kuwa na furaha kama leo.

Alhamisi, Juni 23

Manyunyu siku ya tatu. Matope mpaka magotini.

Jumatatu nilikivaa kifuko kutwa nzima. Kila mtu alikisifia. Jioni nikaona tone la mchuzi karibu na kifungo. Sikulala vizuri. Kitu alichokushonea mtoto kwa mikono yake, kwa cherehani iliyopita katika majaribu yale, unakipeleka kwenye matope ya viazi? Ni dharau. Na wezi wa senta wamekwishakiona. Nimepima jambo hili kwa pande zote, bila haraka, nikaona panapostahili ni mahali pamoja tu: sandukuni. Nimekifua, nimekipiga pasi, nimekikunja na simu ikiwa ndani, nimekilaza juu ya suti. Kufuli nimenunua jipya.

NaBanda alikwenda kukaa nje.

Lipenga ni mtandao mzuri, nakiri nilichagua vizuri. Tangu Jumatatu simu haijaita hata mara moja. Kimya kabisa. Ndoa ya Tiyanjane imetulia, na nikitazama nyuma naona kilichoituliza ni yeye kujua kwamba mjomba wake sasa anapatikana. Hiyo peke yake inatosha kumtia adabu mume.

Jambo moja dogo la kushangaza. Asubuhi hii Fanuel ameonekana barabarani, amevaa koti, anakimbilia gari la Balaka. Hakuaga mtu. Nimejiuliza kutwa nzima anafuata nini huko, maana kule hana shamba wala biashara.